Barua kwa Zuhura kuhusu Majina Yaliyoombwa

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu Zuhura,

Baba yako kifua kimemwachia na ameanza kushuka msikitini. Mama anasema zile shuka ulizoagiza zimepatikana, dada yako atakuletea akija bara.

Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Umesema imeingia ofisini kwenu barua ya mwananchi, ameiandika kwa Kiswahili, anataka orodha ya wote wanaochunguza malalamiko dhidi ya mahakimu na makarani wa mahakama: majina, vyeo, mishahara, makabila, malalamiko waliyowahi kulalamikiwa wao wenyewe, na mali walizotangaza. Jina lako limo, na anayetakiwa kuandaa rasimu ya jibu ni wewe. Unaniuliza kama mtu akiajiriwa na umma basi amekwisha kuwa mali ya umma. Unauliza kwa uchungu, na uchungu wako naujua, maana mnaowachunguza ni watu wenye marafiki na wenye uwezo. Mkubwa wako ameshakupa jibu lake: andika kwamba yote yaliyoombwa ni mambo ya kibinafsi ya wafanyakazi, piga muhuri, funga faili.

Usiandike hivyo, mwanangu. Katika barua ile yamo ambayo una haki ya kuyakataa, na uyakatae bila kutetemeka. Lakini kuikataa yote kwa mkupuo mmoja ni kumnyima yule mtu haki yake kwa kukutumia wewe kama pazia.

Unajua mimi mkate wangu nimeulia masjala. Nimeona mama anatoka kijijini na usafiri wa kukopa, anafuata faili la mirathi ya marehemu mumewe, anaambiwa halionekani. Anarudi mwezi wa pili, halionekani. Siku anayofungua kitambaa cha kiunoni, faili linaonekana saa hiyo hiyo, tena lilikuwa kwenye rafu yake. Mama yule akienda kushtaki, kitu cha kwanza anachoulizwa ni jina la karani, na jina halijui. Karani hana beji, mlango hauna kibao, na wenzake ukiwauliza wanatazama chini. Nimeliona hilo miaka mingi, na ndiyo maana sikubali kabisa kwamba jina la mtu aliye kazini ni siri yake. Ukikaa nyuma ya dirisha la serikali, jina lako na cheo chako vinakaa mbele ya dirisha. Na wewe uliyepewa kazi ya kuwachunguza hao makarani na mahakimu, huwezi kudai kivuli ambacho wao umewanyima.

Sheria zenyewe unazijua kunishinda, ila nikukumbushe zilivyokaa. Katika Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31 kinalinda faragha, kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na katikati yao viko vifungu vitatu tu. Hakuna kilichoandikwa kuwa bwana wa mwenzake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaja kueleza njia: mtu aombe kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, asiyeweza kuandika asaidiwe kuandikiwa, ajibiwe ndani ya siku 21, na kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Haulizwi anazitakia nini, wala haki yake haipungui kwa sababu yoyote anayoitoa. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 6, inakuruhusu kuzuia habari ambayo ingeingilia faragha ya mtu pasipo sababu ya haki, au ingehatarisha usalama wake. Na hata hapo imeacha mlango: mahakama ikiona manufaa ya umma yanazidi madhara, habari inatolewa.

Kwa hiyo kazi yako ni kuichambua ile barua ombi kwa ombi. Mkubwa wako anataka kuikata kwa panga moja kwa sababu panga ni rahisi.

Tena nikuulize, tangu lini ofisi yenu imeanza kuionea faragha huruma? Mwaka jana nilipokuja kukutembelea, pale langoni askari alinipa daftari la wageni. Niliandika jina langu, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na jina la ninayemtaka. Juu ya mstari wangu nikasoma ya watu wote waliotangulia asubuhi ile, pamoja na waliojaza kwamba wamekuja kupeleka malalamiko. Daftari limelala wazi mezani. Dereva wa hakimu anayelalamikiwa akifika baada yao, anasoma kila kitu akiwa bado ameshika kalamu. Wale ndio wanyonge wa kulindwa kwanza, na hakuna mkubwa aliyeandika waraka kwa ajili yao. Faragha ni ya mtu mwenye mwili, nyumba na wazazi. Ofisi haina hayo. Siku ofisi inapojificha nyuma ya faragha ya wafanyakazi wake, mara nyingi kuna jambo lake yenyewe inalolificha, na raia wanalihisi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ndivyo watakavyosema, na hutakuwa na karatasi ya kuwajibu.

Sasa tuje kwenye maombi yenyewe. Majina na vyeo, toa. Mshahara usikusumbue kichwa: sheria ya 2016 inaitaka kila taasisi ya umma itangaze viwango vya mishahara kwa madaraja bila hata kuombwa. Mwambie daraja fulani linaanzia hapa linaishia hapa. Hati yako ya malipo, ambayo ndani yake mna mkopo wa chama, makato ya bima na pesa unazokatwa kwa ajili ya matibabu ya baba yako, hiyo haimhusu mtu. Angalia tu kama kuna daraja lenye mtu mmoja. Hapo kiwango cha daraja kimekaribia kuwa mshahara wa mtu anayejulikana, lakini bado ni kiwango kilichowekwa na serikali kwa kiti kile. Kitoe.

Kabila ndilo lililokukasirisha zaidi, nimeona ulivyoandika. Nami ningekasirika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka asili ya kabila la mtu katika zile data nyeti, pamoja na afya, dini, ndoa, mali, na majina ya watoto, wazazi na mume au mke. Lakini nchi hii imepata majeraha kwa ajili ya kabila, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 imesema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Raia atajuaje kama sheria hiyo inafuatwa kwenu asipouliza? Swali lake ni halali kabisa. Anachohitaji ni hesabu, si orodha ya majina yenye kabila pembeni. Mpe jedwali: jamii fulani wangapi, jamii fulani wangapi, jumla ni hii. Ila fikiria na hili. Umeniambia hapo ofisini Mbajuni ni wewe peke yako. Ukiandika Wabajuni, mmoja, na jina Zuhura liko katika orodha ya kwanza, umeshajitaja. Jamii zenye mtu mmoja au wawili ziunganishe katika safu moja ya jamii nyinginezo, na eleza chini ya jedwali kwamba umefanya hivyo na kwa nini. Kubwa zote ziache zionekane wazi, kwa maana theluthi huvunjwa na kubwa, haivunjwi na Mbajuni mmoja.

Ombi la malalamiko dhidi yenu ndilo zito, na hapa nataka tukae kidogo.

Ulikuwa bado mtoto mwaka 2003. Serikali ya Kibaki ilikuwa mpya, watu wana kiu ya kuona mahakama inasafishwa, na kamati iliyoongozwa na Jaji Aaron Ringera ikaleta ripoti yenye majaji 23 na mahakimu 82 waliotuhumiwa kwa ufisadi na utovu wa maadili. Majina yakatoka magazetini kabla wenyewe hawajasikilizwa. Wako waliolifahamu jambo lao kutoka kwa muuza magazeti. Watu walishangilia, na sisi wa masjala wengine wetu tulishangilia, maana tulijua mengi yaliyokuwa yakifanyika. Lakini miongoni mwa waliotajwa alikuwako Jaji Philip Waki. Akakataa kujiuzulu, akaenda mbele ya jopo, jopo likamwona hana hatia, akarudi kitini. Mwaka 2008 ndiye aliyepewa tume ya kuchunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Tume yake ilipofika kwenye majina ya waliodhaniwa kuwa na dhamana kubwa zaidi, haikuyachapisha. Yalitiwa katika bahasha, ikafungwa, akakabidhiwa Kofi Annan Oktoba 2008, naye Julai 2009 akaipeleka kwa mwendesha mashtaka wa mahakama ya The Hague. Ripoti yenyewe ilisomwa na kila aliyetaka, kurasa zake zote, isipokuwa majina yale. Nimeikumbuka bahasha ile mara nyingi, nikimfikiria mtu aliyewahi kuliona jina lake mwenyewe gazetini bila kusikilizwa.

Mwaka 2011 tulipoanza tena kuwapiga msasa majaji, nchi ilikuwa imejifunza. Bodi ya Sharad Rao iliwahoji majaji na mahakimu faraghani, isipokuwa anayehojiwa aombe mwenyewe kikao cha wazi, kisha uamuzi pamoja na sababu zake ukatolewa hadharani ukasomwa na kila mtu. Aprili 2012 majaji wanne wa Mahakama ya Rufani waliambiwa hawafai, na tulisoma kwa nini, hoja kwa hoja. Ukiniuliza mimi, huo ndio utaratibu bora kabisa tuliowahi kuwa nao katika jambo hili.

Basi uufuate. Lalamiko lililofika mwisho na mfanyakazi akaadhibiwa, litoe: jina, cheo, kosa, adhabu. Aliyetumia mamlaka ya umma vibaya, kosa lake ni la umma. Lalamiko lililotupwa, toa hesabu na sababu, bila jina. Linaloendelea, toa idadi na muda lililokaa mezani, basi. Na muda huo usiuone mdogo. Mwananchi akijua kwamba malalamiko fulani yamelala miaka kwenye dawati moja, amejua jambo kubwa kuliko jina la mwenye dawati. Jihadhari pia na maelezo yanayotaja mtu bila kumtaja. Ukiandika karani wa kike wa mahakama ya Mpeketoni aliyekuwa likizo ya uzazi, umeficha nini? Mji mzima unamjua na mtoto wake. Na hata katika lile lililokwisha kwa adhabu, aliyeleta lalamiko jina lake lifiche, isipokuwa akubali mwenyewe. Mnyonge akijua ataanikwa, kesho hatakuja.

Mali ndiyo ningeizuia kwa sehemu kubwa. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003, iliyodumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025, ilimtaka afisa atangaze mali yake, ya mume au mke wake na ya watoto wake walio chini ya miaka 18. Fomu hiyo basi si yako peke yako. Mumeo hakuomba kazi serikalini, wala mwanao Salim. Sheria ile haikuifunga fomu moja kwa moja: ilimwachia mtu mwenye sababu ya msingi aombe kuiona, aeleze sababu yake. Nadhani hilo lilikuwa sawa. Angalia sheria mpya inasemaje, na umwonyeshe mwananchi njia. Umpe bila kuombwa tena hesabu ya waliotangaza kwa wakati na waliochelewa. Na umpe jambo ambalo hakuliomba ila nadhani ndilo analolitafuta: ni mara ngapi mchunguzi alijitoa kwenye faili kwa sababu ya undugu au urafiki, na faili likaenda kwa nani. Hiyo ni kazi, na kazi haina faragha.

Najua woga wako hasa hauko kwenye fomu. Uko nyumbani. Tangu Juni 2024 sote tunalala na jambo la hakimu Monica Kivuti, aliyepigwa risasi na afisa wa polisi akiwa kazini pale mahakama ya Makadara, kwa kumfutia dhamana mke wa afisa huyo. Nililia siku ile kama niliyemjua. Lakini nikuambie kwa utulivu: muuaji wake hakuhitaji rekodi yoyote. Alijua mahali anapokaa hakimu kwa sababu mahakama ni mahali pa wazi, na lazima pawe pa wazi. Kilichohitajika pale ni ulinzi. Kufunga mafaili kusingemwokoa.

Marekani ndiko lilikotokea lile unaloliogopa. Julai 2020, katika mji wa North Brunswick, jimbo la New Jersey, wakili aliyewahi kuwa na kesi mbele ya jaji Esther Salas alifika nyumbani kwake amejifanya mleta vifurushi. Alimuua mwanawe Daniel, kijana wa miaka 20, akamjeruhi mumewe. Anwani aliipata, na habari za familia alikuwa amezikusanya. Jimbo likatunga sheria mwaka ule ule, ikaitwa kwa jina la kijana huyo, kuzuia anwani za nyumbani za majaji, waendesha mashtaka na polisi zisienezwe, na Desemba 2022 ikafuata ya taifa zima kwa ajili ya majaji wa shirikisho. Mama yule aliipigania sheria hiyo na haki ilikuwa yake. Kisha tazama sheria ilipokwenda. Katika mji jirani wa New Brunswick mwandishi wa habari aligundua kwamba mkurugenzi wa polisi wa mji anaishi Cape May, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Mkuu wa usalama wa mji anaishi mbali kiasi hicho, hilo ni jambo la wananchi. Akatishwa kwa sheria hiyo hiyo, kesi ikapanda hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo, ikaamuliwa 2025. Kilichobaki ni kwamba mji anaoishi mkurugenzi unaweza kutajwa, lakini mtaa na nambari ya nyumba visitajwe. Mimi naona mstari huo umechorwa mahali pake, ingawa inanihuzunisha kwamba mwandishi alihitaji kwenda mahakamani miaka miwili ili auone.

Kwa hiyo nyumba unapokaa, simu yako ya mkononi, nambari ya kitambulisho, njia unayopita, shule ya Salim, siku ulizougua na ugonjwa wenyewe, vyote hivyo funga, hata angeviomba rais. Kama siku moja mtu ataleta hoja kwamba unaishi katika nyumba ya wakili mwenye malalamiko mezani kwako, hapo nyumba yako imeingia kazini, na utamjibu.

Kuhusu yule mwenzako anayesema ni afadhali kumrushia mwandishi orodha yote kwa WhatsApp usiku yaishe, mwambie akumbuke Novemba 2017. Katika kesi ya uchaguzi wa urais Mahakama ya Juu ilizitupa nyaraka za ndani za tume ya uchaguzi kwa kuwa zilivuja na hazikuombwa kwa njia ya sheria. Anayevujisha anamharibia yule yule anayedhani anamsaidia, na wala hafuniki majina ya walalamikaji.

Neno la mwisho ni la mikono. Ukifunika jina kwa kalamu nyeusi, iinue karatasi kwenye dirisha. Utalisoma jina lile lile kwa nyuma. Funika, piga nakala, kisha toa nakala ya ile nakala. Kwenye kompyuta ni hatari zaidi, kwa sababu kile kisanduku cheusi kinakaa juu tu ya maandishi, na anayejua atayanakili yaliyo chini yake na kuyabandika pengine. Futa maneno yenyewe, chapisha, kisha iskani upya. Rasimu usinitumie mimi. Nimeshakueleza ninavyoona na hiyo ni barua ya ofisi.

Hesabu siku zako 21 tangu ulipogongwa muhuri wa kupokea. Barua ilikuja kwa Kiswahili, ijibu kwa Kiswahili, hata mkubwa wako akinuna. Kila unachokizuia, andika kifungu chake na sababu yake katika sentensi mwananchi atakayoielewa, na chini umwambie kwamba asiporidhika ana siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, iliangalie upya jibu lako. Kama mkubwa wako anataka iende yake, basi aiandike yeye na atie sahihi yake. Wewe weka nakala ya rasimu yako ndani ya faili, na tarehe.

Msalimie mumeo, na Salim mbusu. Nenda kalihamishe lile daftari la langoni kwanza, hilo halingoji barua ya mtu.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanakombo